Kosa Si la Gundi: Plazma na Uso wa Plastiki Usiotaka Kushikwa

Tenki la maji la plastiki likipata ufa, mwenye nyumba huanza na gundi. Hununua ya bei ndogo, ikibanduka hununua ya bei kubwa, na hiyo nayo ikishakauka hung'oka nzima bila kuacha hata doa kwenye tenki. Fundi wa rangi za magari anayajua mambo hayohayo kwenye bampa: siku ya kukabidhi gari rangi inang'aa, na gari likishaoshwa kwa mashine mara chache rangi inaanza kutoka maganda. Mwenye kiwanda cha kuchapa vifungashio anayaona pale nembo ya mteja inapofutika kwa kidole. Wote watatu humlaumu muuzaji: gundi feki, rangi feki, wino feki.

Bidhaa feki zipo sokoni na hilo silipingi. Lakini chukua gundi hiyohiyo uliyoitupa kwa hasira, ipake kwenye kioo kisafi au kwenye bati lililofutwa mafuta, uone inavyoshika barabara. Kilichokataa si gundi. Ni uso wa plastiki, na katika uso huo ni tabaka la juu kabisa, jembamba kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida ya shuleni haiwezi kulionyesha. Mapambano yote ya kushika na kubanduka yanaamuliwa hapo. Viwanda vimejua kwa zaidi ya miaka 70 namna ya kulibadilisha tabaka hilo peke yake bila kuigusa plastiki iliyo chini yake, na njia kuu vinayoitumia ni plazma.

Tuanze na sababu ya kukataa. Tenki la maji, kwa kawaida, ni la polithini. Bampa nyingi za magari ya sasa ni za polipropilini iliyochanganywa na mpira, na magunia ya salfeti yanayobeba sukari, unga na mbolea ni nyuzi za polipropilini zilizofumwa. Plastiki hizi mbili ni ndugu. Ndani yake hakuna kitu ila kaboni na hidrojeni, zilizoungana katika minyororo mirefu sana. Kaboni na hidrojeni hugawana elektroni zao karibu sawa kwa sawa, hivyo mnyororo hauna upande wenye chaji chanya wala upande wenye chaji hasi. Molekuli ya maji inazo pande hizo, na molekuli za gundi na wino mwingi pia zinazo, na ni kwa kuvutana kwa pande hizo ndipo vitu vingi hushikana. Zinapofika kwenye polithini hazikuti pa kushika.

Polithini iligunduliwa mwaka 1933 huko Winnington, Uingereza, na wanakemia wawili wa kampuni ya ICI, Eric Fawcett na Reginald Gibson. Kilichoipa soko duniani ni huko kutojihusisha na kitu chochote: haioti kutu, hailiwi na asidi nyingi, hainywi maji, haipitishi umeme. Sifa inayoiwezesha kuhifadhi maji ya kunywa kwa miaka mingi ndiyo hiyohiyo inayoifanya iikatae gundi. Huwezi kuipenda sifa ya kwanza ukaishangaa ya pili.

Kuna namna rahisi ya kuliona jambo hili. Futa kifuniko cha ndoo ya plastiki kwa spiriti, kiache kikauke, kisha udondoshe tone moja la maji safi. Tone litajikusanya na kusimama, karibu kama lilivyo juu ya jani la yugwa asubuhi. Sasa fanya vivyo hivyo kwenye kioo kilichooshwa vizuri kwa sabuni na kusuuzwa: tone linalala na kutanda. Mwaka 1805 mwanasayansi wa Uingereza Thomas Young alieleza kwamba pembe ambayo ukingo wa tone unaifanya na uso ulio chini yake inatokana na kuvutana kwa pande tatu, yaani maji, hewa na kitu kigumu chenyewe. Hadi leo tunaipima pembe hiyo. Juu ya polithini isiyoguswa inazidi nyuzi 90. Ikishapitishwa kwenye plazma vizuri, pembe hiyo hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 60, na mtu asiye na kifaa chochote anaiona tofauti kwa macho.

Viwandani tunatumia namba nyingine, inayotajwa kwa daini. Kila kimiminika kina mvutano wa uso, yaani nguvu inayokifanya kijikusanye. Maji yana daini zipatazo 73. Spiriti ya ethanoli ina 22 tu, ndiyo maana inatambaa upesi kila inapomwagika. Vitu vigumu navyo vina nishati ya uso inayoweza kutajwa kwa namba za aina hiyo: polithini kama 31, polipropilini 29 au 30, plastiki ya chupa za soda kama 43, na ile teflon ya kwenye kikaango chini ya 20. Kanuni ya kiwandani ni kwamba kimiminika kitatanda juu ya kitu kigumu endapo mvutano wake ni mdogo kuliko nishati ya uso wa kitu hicho, na wachapaji hupenda uso uzidi wino kwa daini kadhaa. Filamu ya polithini ya kuchapwa kwa wino wenye kiyeyushi kinachoruka hutakiwa iwe na daini 38 hadi 42. Kwa wino wa maji hutakiwa zaidi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, hata wenye shahada. Wakishasikia kwamba kimiminika chenye mvutano mdogo hutanda, wanaona wameshapata dawa: kuongeza thina. Wino ukilainishwa kwa spiriti au thina utatanda vizuri sana juu ya polithini. Lakini spiriti ikishakwenda na hewa, kinachobaki ni tabaka la wino mkavu lililolala juu ya uso usio na kitu cha kulishikilia. Kutanda ni sharti la kwanza la kushika, ila si kushika kwenyewe. Nembo inaonekana safi mezani, lakini bandika kipande cha selotepu juu yake, vuta kwa mkupuo, nembo yote inakuja na selotepu.

Mafundi bomba, bila darasa la kemia, wanaufahamu ukweli huu mikononi mwao. Bomba la PVC huungwa kwa gundi, na kiungo chake hudumu kuliko bomba lenyewe, kwa sababu ile si gundi ya kubandika tu. Ina kiyeyushi kinacholainisha uso wa bomba na wa kiungo, minyororo ya pande zote mbili inaingiliana, kiyeyushi kinaruka, na vipande viwili vinabaki kitu kimoja. Bomba la PPR, ambalo ni polipropilini, halina kiyeyushi cha namna hiyo kwa joto la kawaida. Fundi hatafuti gundi ya PPR dukani. Anachomeka mashine, anasubiri ifike nyuzi 260 za selisiasi, anayeyusha bomba na kiungo kwa sekunde chache kisha anavisukumiza pamoja. Na tenki lililopasuka nalo, dawa yake ya kweli ni hiyo: kuchomelea kwa hewa ya moto na ufito wa polithini ya aina ileile.

Ila si kila kitu kinaweza kuyeyushwa. Huwezi kuchomelea wino kwenye gunia, wala rangi kwenye bampa. Hapo lazima uso wenyewe ubadilike.

Kupiga msasa kunasaidia kidogo. Kunaongeza eneo na kunaondoa uchafu, lakini chini ya ulichokikwangua kuna polithini ileile yenye daini zilezile. Praima ya plastiki inasaidia zaidi: ile ya bampa kwa kawaida ina polipropilini iliyotiwa klorini, ambayo sehemu yake inafanana na bampa na sehemu yake inafanana na rangi, ikawa mshenga kati ya wawili. Fundi anayeiruka praima hiyo ili kubana gharama anajitafutia ugomvi na mteja. Njia ya tatu ni moto. Chupa za mafuta ya kujipaka na za shampuu, nyingi zikiwa za polithini, hupitishwa mbele ya moto wa gesi kwa muda usiofika hata sekunde moja kabla ya kuchapwa. Moto huo lazima uwe wa bluu, wenye hewa ya ziada. Ukiwa wa njano unaacha masizi na kazi inaharibika. Watu huwa wanadhani moto unasaidia kwa kuikausha chupa au kuilainisha. Kinachofanya kazi ni vipande vya molekuli vilivyochangamka ndani ya mwali, na vipande hivyo ndivyo vinavyotuleta kwenye plazma.

Gesi ya kawaida imetulia: kila atomu ina elektroni zake. Ukiipa nguvu ya kutosha, baadhi ya elektroni zinang'oka, na unabaki na mchanganyiko wa elektroni huru, ioni, na molekuli zilizovunjika au kuchangamka. Huo mchanganyiko ndio plazma. Mwaka 1928 mwanakemia wa Marekani Irving Langmuir, akifanya kazi katika maabara ya General Electric kule Schenectady, ndiye aliyeupa jina hilo. Inanifurahisha kila mara kukumbuka kwamba mtu huyohuyo alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932 kwa utafiti wa mambo mengine kabisa, kemia ya nyuso. Vitu viwili alivyovishughulikia katika maisha yake vimekuja kukutana kwenye mashine zinazochapa mifuko yetu.

Umeshaiona plazma, huenda bila kujua. Radi ni plazma. Cheche kali ya mashine ya kuchomelea vyuma ni plazma. Ndani ya taa ya tyubu kuna plazma ya mvuke wa zebaki. Jambo la kuangalia ni kwamba radi hufika nyuzi joto kama 30,000 na cheche ya kuchomelea inayeyusha chuma, ilhali tyubu unaishika kwa mkono na unahisi vuguvugu tu. Tofauti hii ndiyo msingi wa kazi yote ya kutibu plastiki. Elektroni ni nyepesi mno: molekuli ya naitrojeni ina uzito wa elektroni kama 51,000. Elektroni inayokimbizwa na umeme inapoigonga molekuli hiyo, inaruka kando na kuondoka na karibu mwendo wake wote bila kuisukuma. Kwa hiyo umeme ukitolewa kwa mapigo mafupi, au gesi ikiwa hafifu, elektroni zinaweza kuwa na nishati ya maelfu mengi ya nyuzi joto huku gesi yenyewe ikibaki karibu na joto la chumba. Hiyo tunaiita plazma baridi. Filamu ya polithini inayoyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi inapita ndani yake na kutoka salama.

Basi inapopita, nini kinatokea? Ili kuvunja kiungo cha kaboni na kaboni katika mnyororo wa polithini inatakiwa nishati ya kama elektronivolti 3.6, na kiungo cha kaboni na hidrojeni kama 4.3. Elektroni za plazma baridi nyingi zina elektronivolti moja hadi chache, na baadhi zinafika kumi na kuzidi. Zinatosha. Zikiugonga uso, pamoja na miali ya urujuanimno inayotoka kwenye plazma hiyohiyo, zinang'oa hidrojeni hapa na pale na kukata minyororo kadhaa. Pale palipong'olewa panabaki kaboni yenye mkono mtupu, na mkono huo haukai mtupu. Oksijeni iliyo karibu inaurukia. Ndani ya sehemu ndogo ya sekunde uso uliokuwa wa kaboni na hidrojeni tupu umeota vikundi vyenye oksijeni: haidroksili, kabonili, kaboksili. Vikundi hivyo vina ule upande chanya na upande hasi tuliosema polithini haina. Gundi na wino vinapofika vinakuta pa kushika, na aina nyingine za gundi hujifunga navyo kwa kiungo cha kikemia kabisa.

Kinachoshangaza ni wembamba wa mabadiliko haya. Hayafiki kina cha nanomita 10 hivi. Filamu ya mfuko yenye unene wa maikroni 30 ina nanomita 30,000, kwa hiyo kilichobadilika ni sehemu moja tu katika 3,000 ya unene wake. Nguvu ya filamu, mvutiko wake, uwazi wake, vyote vimebaki vilevile. Umeuza plastiki ileile, ila sasa inakubali kuandikwa.

Plazma hufanya kazi nyingine pia. Hula tabaka jembamba la mafuta na vumbi la kikaboni lililoganda juu ya kitu, ndiyo maana hata vyuma na kioo hupitishwa ndani yake. Watengenezaji wa vifaa vya elektroniki husafisha hivyo vituo vidogo vya dhahabu kabla ya kuunganisha nyaya nyembamba za chipu. Lakini isieleweke kwamba plazma ni sabuni. Grisi nzito, alama za vidole, nta ya kutolea kwenye kalibu, hivyo viondolewe kwanza kwa kitambaa na kiyeyushi.

Mashine iliyoenea zaidi duniani kwa kazi hii inaitwa ya korona, jina lililotangulia ugonjwa kwa miongo mingi na lisilohusiana nao. Mhandisi wa Denmark, Verner Eisby, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake, mwaka 1951, wakati wachapaji walipokuwa wakihangaika na polithini iliyoanza kuingia kwenye vifungashio. Msingi wake ni wa kale zaidi: mwaka 1857 Werner von Siemens wa Ujerumani alikwisha kutengeneza kifaa cha kupitisha umeme kwenye hewa kati ya kuta za kioo ili kupata ozoni.

Ukisimama kando ya mashine hiyo unaona roli ya chuma inayozunguka, na juu yake, kwa umbali wa milimita moja au mbili, mstari wa elektrodi. Moja ya pande hizo mbili imefunikwa kwa seramiki au mpira maalumu. Kifuniko hicho hakipitishi umeme, kazi yake ni kuuzuia umeme usikusanyike kuwa cheche moja kubwa itakayotoboa filamu. Volti elfu kumi na zaidi, zikipanda na kushuka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, zinaivunja hewa iliyo katika mwanya ule kuwa nyuzi nyingi ndogo za plazma. Filamu inapita kati yake kwa kasi, mita mia na zaidi kwa dakika. Taa zikizimwa unaona utepe wa zambarau. Unasikia mngurumo wa umeme usiokatika, na pua inapata harufu kali inayofanana na ya hewa baada ya radi. Hiyo ni ozoni, na si ya kupuuzwa. Marekani inaweka kikomo cha sehemu 0.1 katika milioni kwa zamu ya saa nane. Mashine isiyo na bomba la kuvuta hewa hiyo na kuitoa nje haifai kuwashwa ndani ya chumba chenye watu.

Korona inafaa kwa kitu bapa na chembamba kinachokimbia kwenye roli: filamu, karatasi yenye ngozi ya plastiki, kitambaa cha salfeti kabla ya kuchapwa au kupakwa. Kwa kitu chenye mashimo na kona haifai. Hapo kuna njia mbili. Moja ni kukiweka ndani ya chumba cha chuma, kuvuta hewa hadi ibaki chini ya sehemu moja katika elfu ya kanieneo la kawaida, kuingiza oksijeni au agoni kidogo, na kuwasha. Plazma inajaza chumba chote na kuingia kila tundu, lakini inachukua dakika kadhaa kwa kila fungu na pampu zake ni ghali. Nyingine ni pua inayopuliza plazma kwa hewa iliyobanwa, iliyofungwa kwenye mkono wa roboti. Viwanda vya magari huitumia kwenye mfereji wa taa ya mbele, pale nyumba ya polipropilini inapobandikwa kioo chake cha plastiki ili maji yasiingie.

Na kuna matumizi yanayonigusa kuliko yote, ingawa hayana rangi wala gundi. Vile visahani vya polistirini ambamo watafiti huotesha seli za binadamu na wanyama hupitishwa kwenye plazma au korona kiwandani kabla ya kufungwa. Seli nyingi haziwezi kuishi vizuri zikielea, sharti zipate pa kukaa, na polistirini isiyotibiwa haizipi. Maabara inayopima dawa au chanjo kwenye seli, iwe Nairobi, Kampala au Bagamoyo, inasimama juu ya nanomita chache za plastiki iliyoguswa na plazma.

Sasa nije kwenye upande ambao wauzaji wa mashine huupitia haraka. Tiba hii inachakaa. Minyororo ya plastiki haijatulia kabisa, hasa kwenye joto. Vikundi vya oksijeni vilivyo juu hujigeuza taratibu na kuzama ndani, na minyororo mitupu inakuja juu mahali pake. Zaidi ya hayo, filamu nyingi hutiwa mafuta maalumu ya kutelezesha ili mifuko isigandamane, na mafuta hayo hutambaa kutoka ndani ya filamu hadi juu katika siku chache na kuvifunika vile vikundi tulivyovilipia umeme. Roli iliyotoka kiwandani na daini 42 inaweza kufika kwa mchapaji na 35. Ghala lenye bati kali, joto la mchana la pwani, miezi mitatu ya kusubiri mteja, na wewe huna tena filamu iliyotibiwa. Anayeijua kazi huitibu filamu mara tu inapotoka kwenye mashine ya kuvuta, kisha huiamsha tena kwa korona ndogo dakika chache kabla ya wino.

Wengine, wakiliogopa hilo, huongeza umeme. Hilo ni kosa kubwa kuliko la kuiacha filamu ichakae. Ukizidisha, plazma inakata minyororo kupita kiasi na kuacha juu ya uso vipande vifupi vyenye oksijeni nyingi. Kipimo kitasoma daini za kupendeza, 50 na zaidi, na wino utatanda vizuri. Lakini umetanda juu ya vipande vilivyolegea, na vitang'oka pamoja nao, hasa kukiwa na unyevu. Filamu iliyozidishiwa pia haifungiki vizuri kwa joto pale mfuko unapozibwa mdomo. Na ikiwa filamu haikukaza kwenye roli, hewa iliyonaswa nyuma yake nayo hugeuka plazma, upande wa nyuma unatibika bila kukusudiwa, na ukiikunja roli tabaka zinagandamana.

Kwa hiyo namba moja ya daini haitoshi kukuhakikishia lolote. Inakwambia kama wino utatanda. Kama utashika, utajua kwa kuchapa kipande, kukiacha kikauke, na kukijaribu kwa selotepu, kikiwa kikavu na tena kikiwa kimelowa. Vipimo hivi viwili vinagharimu kidogo sana ukilinganisha na shehena moja iliyorudishwa, na inasikitisha kuona mitambo ya mamilioni ikiendeshwa bila hata kimoja. Vyuo vyetu vya ufundi vinavyofundisha uchapaji na upakaji rangi vingeweza kuviingiza kwenye mafunzo bila kununua mashine yoyote mpya.

Kipimo chenyewe cha daini ni kalamu au chupa ya wino maalumu wenye mvutano unaojulikana. Chora mstari juu ya filamu na uhesabu sekunde 2. Mstari ukibaki mzima, uso una angalau daini zilizoandikwa kwenye kalamu. Ukikatika kuwa vitone kabla ya hapo, shuka kwenye kalamu ya chini. Pima kila roli inapoingia ghalani, kwenye kingo zote mbili na katikati, uandike tarehe, kisha upime tena asubuhi ya kuchapa. Usipime mahali ulipopashika kwa mkono. Ukinunua filamu, mdai muuzaji tarehe ya kutibiwa na namba ya siku hiyo, na afadhali ukataliwe kwa heshima kuliko kukubaliwa bila maandishi. Na uangalie chupa ya wino wa kupimia uliyonayo: aina nyingi za zamani zina formamidi, kemikali inayoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vaa glavu, fungua madirisha, na mama mjamzito asipewe kazi hiyo. Kuna kalamu zisizo na formamidi. Ukiagiza, agiza hizo.